Namna ya Kupata Ilhamu ya Kila Siku Unapoufahamu Mji Mgeni

Mtu anapofika katika mji asioujua, macho yake hufanya kazi kwa bidii ambayo yalikuwa yameiacha kwa muda mrefu. Husoma vibao, huhesabu vituo vya basi, hutazama jinsi milango inavyofunguliwa na jinsi watu wanavyovuka barabara, kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo bado ni habari kwake. Hali hiyo ni hazina kwa yeyote anayeandika, anayechora, anayepiga picha, anayetunga muziki au anayebuni vitu vya matumizi, lakini haidumu. Ubongo wa binadamu hupunguza mwitikio wake kwa jambo linalojirudia bila kuleta faida wala madhara, na ndiyo maana barabara iliyokushangaza siku ya kwanza utaipita bila kuiona kabla ya mwezi kwisha.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba ilhamu ya kila siku hupatikana kwa utaratibu mdogo unaorudiwa: swali moja unalotoka nalo nyumbani, mahali pamoja unapoparudia, na kitu kimoja unachokitengeneza kabla ya kulala. Majengo mashuhuri na maeneo ya watalii hayana ubaya wowote, ila yameangaliwa na kuelezwa mara nyingi mno kiasi kwamba mgeni huyaona kupitia picha alizokwisha kuziona kabla ya kufika. Yatembelee ukipenda, lakini usiyategemee yakupe kazi.

Siku za kwanza: andika kabla hujazoea

Katika wiki ya kwanza, jukumu lako kubwa ni kuandika kila kinachokushangaza, hata kama unaona aibu kukiandika kwa udogo wake. Urefu wa vizingiti, rangi ya mwanga wa taa za barabarani, upande ambao watu husimama kwenye ngazi, umbali wanaoachiana kwenye foleni, namna wenye maduka wanavyofunga mapazia jioni: mambo haya hayatakushangaza tena baada ya muda mfupi, na mkazi wa siku nyingi hawezi kukusimulia kwa sababu yeye aliacha kuyaona zamani. Tumia daftari dogo linaloingia mfukoni, na kila unapoandika weka tarehe, saa na mahali. Usijaribu kueleza sababu ya jambo wakati huo. Maelezo ya haraka huufunga mlango wa udadisi, na mara nyingi huwa si sahihi.

Pamoja na orodha hiyo, chora ramani ya mji kwa kumbukumbu kila jioni, bila kutazama simu. Zoezi hili lina msingi mzuri. Mwaka 1960 Kevin Lynch, mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, alichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Boston, Jersey City na Los Angeles, ambako wakazi waliombwa kueleza na kuchora miji yao kama walivyoikumbuka. Aliona kwamba picha ya mji iliyomo kichwani mwa mtu hujengwa kwa vitu vya aina 5: njia anazopita, kingo zinazotenganisha sehemu moja na nyingine kama vile mto, reli au ukuta mrefu, maeneo yenye sura yake, vitovu ambako njia na watu hukutana, na alama zinazoonekana kwa urahisi. Gawanya ramani yako kwa aina hizohizo. Mwanzoni utakuwa na njia moja au mbili na alama chache zinazoelea peke yake, kisha siku hadi siku kingo zitajitokeza na maeneo yataanza kugusana.

Thamani ya ramani hiyo kwa msanii imo katika makosa yake. Barabara uliyoichora ndefu kuliko ilivyo huenda ilikuchosha au ilikutia wasiwasi. Uwanja uliouchora mkubwa ulikuvutia. Eneo uliloliacha tupu ndilo la kwenda kesho. Mwandishi wa hadithi atapata hapo mandhari yenye hisia tayari, na mchoraji atapata mpangilio wa picha ambao hakuna ramani iliyochapishwa ingempa. Zihifadhi zote kwa mfuatano wake wala usizirekebishe baada ya kuujua ukweli.

Tembea na swali moja

Kutembea kwa miguu kunasaidia fikra, na jambo hili limepimwa. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio ambayo washiriki waliombwa kutaja matumizi mapya ya vitu vya kawaida, wakiwa wameketi au wakiwa wanatembea. Waliotembea walitoa mawazo ya kibunifu zaidi kwa wastani wa takriban asilimia 60, hata pale walipotembea kwenye mashine ndani ya chumba wakitazama ukuta mtupu, na faida hiyo iliendelea kwa kiasi fulani baada ya kuketi. Hata hivyo, katika maswali yenye jibu moja tu sahihi, kutembea hakukuwasaidia. Walifanya vibaya kidogo. Funzo la kivitendo ni la wazi: tembea unapotaka mawazo mengi, keti unapotaka kuchagua lililo bora na kulinyoosha. Watu wengi huchanganya kazi hizi mbili na kuanza kuhukumu kila wazo wakiwa bado njiani, nalo hufa kabla halijatamkwa.

Kabla ya kutoka, chagua swali moja la kuongoza macho. Mji mzima ni mwingi mno, na anayetafuta kila kitu hurudi amechoka bila chochote mkononi. Swali liwe dogo na la kuonekana kwa macho: Watu wamerekebishaje vitu vilivyoharibika? Maandishi yaliyoandikwa kwa mkono yako wapi, nayo yanaomba nini? Mimea inaota mahali gani ambapo hakuna aliyeipanda? Mikono ya watu inafanya nini wakati wa kusubiri? Rangi ya buluu inatumika kwa mambo gani? Swali kuhusu marekebisho ndilo ninalolipendekeza kuliko yote kwa mtu anayeanza, kwa kuwa kamba iliyofungwa kwenye mguu wa kiti, kigae cha rangi tofauti kilichoziba pengo na lango lililoungwa kwa chuma cha aina nyingine vinaonyesha uamuzi wa mtu fulani, na penye uamuzi pana hadithi.

Njia nayo inaweza kuchaguliwa kwa namna inayoleta yasiyotarajiwa. Katika miaka ya 1950, kikundi cha waandishi na wasanii mjini Paris, akiwamo Guy Debord, kilijizoeza kutembea mjini kwa kuweka kando shughuli na sababu za kawaida za safari, kikiruhusu mvuto wa mahali penyewe uamue mwelekeo. Unaweza kufanya hivyo kwa saa moja au mbili. Njia nyingine nyepesi ni kupanda basi hadi kituo cha mwisho na kurudi kwa miguu sehemu ya safari, au kufuata ukingo mmoja, mfereji au reli, hadi pale unapokatika. Weka ramani kwenye simu kwa dharura, na uulize mapema kwa wenyeji ni sehemu zipi hazifai kupitwa peke yako au baada ya giza kuingia. Ushauri huo hauipunguzii matembezi hadhi yake. Mtu mwenye hofu hutazama hatari tu, na hapo hawezi kuona kitu kingine.

Keti mahali pamoja hadi uchoke, kisha uendelee

Kutembea hukupa upana. Kukaa hukupa kina, na kwa maoni yangu hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza nafasi. Mnamo Oktoba 1974, mwandishi Mfaransa Georges Perec alikaa kwa siku 3 katika uwanja wa Saint-Sulpice, Paris, akiandika yale ambayo kwa kawaida hakuna anayeyaandika: mabasi yaliyopita na namba zake, njiwa walioruka na kutua, watu waliobeba mifuko, herufi zilizoonekana kwenye vibao, mabadiliko ya mwanga. Uwanja huo una kanisa kubwa na chemchemi, na mambo hayo yalikwisha kuelezwa na wengine. Yeye alitaka kilichobaki.

Jaribu kwa nusu saa. Chagua benchi, ngazi au dirisha linalotazama mahali watu wanapopita, ukae na daftari bila kusikiliza muziki. Dakika chache za kwanza ni rahisi, kwa sababu macho huokota yale makubwa. Kisha hufika wakati ambapo unahisi kwamba hakuna tena cha kuandika, na wengi huinuka hapo. Usiinuke. Baada ya hapo ndipo unapoanza kuona kwamba watu wote wanaotoka kwenye jengo fulani hutazama juu kwanza, kwamba kila anayepita mahali fulani hupunguza mwendo, kwamba mwanamke mmoja amepita mara ya pili akiwa na mzigo tofauti. Mfululizo wa aina hiyo hauonekani kwa mtazamo wa haraka hata ukiwa na macho makali kiasi gani.

Katika kuandika, pendelea vitenzi kuliko sifa. Ukisema kwamba uwanja ni mzuri au una shughuli nyingi, hutakuwa na cha kutumia baadaye. Ukisema kwamba mzee alifuta benchi kwa gazeti kabla ya kuketi, kisha akalikunja gazeti hilohilo na kuanza kulisoma, una mhusika. Mchoraji afanye vivyo hivyo kwa mistari ya haraka ya mikao, akibadilisha karatasi mtu anapobadilisha mkao, bila kujali kufanana kwa sura.

Mahali ulipokaa panapokupa kitu, parudie kwa saa nyingine. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alikwenda Rouen mwaka 1892 na tena mwaka 1893, akafanya kazi katika vyumba vilivyotazamana na kanisa kuu la mji huo, na kutokana na uso wa jengo hilo moja zilitoka picha zaidi ya 30. Jiwe halikubadilika, kilichobadilika ni ukungu, jua la asubuhi, mwanga wa alasiri na vivuli vyake, naye alibadilisha turubai kadiri mwanga ulivyobadilika. Kwa mgeni, njia hii ina faida nyingine: mahali palipo pamoja huonyesha zamu za mji, yaani ni nani anayepatumia alfajiri, nani adhuhuri na nani usiku, na jinsi kundi moja linavyoliachia jingine nafasi bila kuambiana neno. Ziara 3 kwa saa tofauti zitakupa zaidi ya sehemu 3 zilizotembelewa mara moja moja.

Tumia masikio

Sauti husahaulika haraka kuliko picha, na ni wachache wanaozihifadhi. Mtunzi wa muziki wa Marekani George Gershwin alipokuwa Paris alivutiwa na honi za teksi kiasi cha kununua baadhi na kwenda nazo Marekani, na katika kazi ya okestra aliyoitoa mwaka 1928 kuhusu Mmarekani anayezunguka Paris, honi hizo zinapigwa kama ala. Mtunzi wa Kanada R. Murray Schafer, ambaye kikundi chake kiliurekodi mji wa Vancouver mapema katika miaka ya 1970, alipendekeza tofauti inayomfaa msikilizaji yeyote: kuna sauti za msingi zinazovuma wakati wote hata zisisikike kwa kukusudia, kuna sauti za ishara zinazotaka usikivu kama kengele na honi, na kuna sauti zinazoutambulisha mji huo peke yake.

Funga macho kwa dakika 5 mahali salama, kisha andika ulichosikia kwa kuanzia kilicho mbali hadi kilicho karibu. Rekodi dakika moja kwa simu, mara moja kwa siku, na uipe kila rekodi jina la mahali na saa. Mshairi atazisikiliza kwa ajili ya mapigo. Mwandishi wa tamthilia kwa ajili ya namna mazungumzo yanavyokatizwa. Na hata mchoraji atafaidika. Mchoraji Mholanzi Piet Mondrian alifika New York mwaka 1940 akiwa na umri wa miaka 68, akaupenda muziki wa boogie-woogie, mtindo wa piano wenye mdundo wa kasi unaojirudia, aliousikia huko, na katika picha zake za miaka ya mwisho mistari myeusi aliyoitumia kwa muda mrefu ikaachia nafasi mistari ya rangi iliyokatwakatwa katika miraba midogo, yenye mdundo unaokumbusha muziki huo pamoja na mpangilio wa barabara za mji. Hakuchora barabara wala bendi ya muziki. Alihamisha mdundo kutoka masikioni hadi kwenye turubai. Uhamisho wa namna hiyo ndio ninaouona kuwa kiini cha kazi nzima, na nitaurudia hapa chini.

Kuhusu watu, neno fupi linatosha. Kinachosikika hadharani kinaweza kuandikwa kama mbegu ya mazungumzo ya kubuni, lakini usimrekodi mtu asiyejua, usitumie jina lake, na usipige picha ya uso wa mtoto bila ridhaa ya mzazi. Sheria za kupiga picha hadharani hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo zifahamu mapema. Njia bora ni kuuliza swali moja la kweli kuhusu kazi anayoifanya mtu, kama vile ni sehemu ipi iliyomchukua muda mrefu kuijifunza. Watu hupenda kuulizwa kuhusu ujuzi wao, na majibu yao huwa na maneno ya kazi ambayo hayamo katika kitabu chochote cha mwongozo wa wageni.

Kamera na kumbukumbu

Simu hurahisisha kukusanya, na hapo pana hatari. Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyofanyika katika makumbusho: washiriki waliopiga picha ya kitu kizima walikumbuka vitu vichache zaidi, na maelezo yake machache zaidi, kuliko walipovitazama tu. Walipoagizwa kusogeza lenzi kwenye sehemu moja ya kitu, upungufu huo haukuonekana. Kwa hiyo, tazama kwanza, kisha piga picha ya sehemu: bawaba badala ya mlango, kona ya kibao badala ya barabara nzima. Jiwekee pia kikomo cha picha 10 kwa kila matembezi. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya milimita 50 pekee, na kikomo hicho kilimwezesha kujua kitakachoingia kwenye fremu kabla hajainua kamera.

Tengeneza kitu siku ileile

Maelezo yaliyokusanywa bila kutumiwa huoza. Daftari lililojaa humpa mtu hisia ya kufanya kazi ilhali kazi haijaanza, na baada ya wiki kadhaa wingi wenyewe unakuwa mzigo. Kwa hiyo, kila jioni tenga dakika 20 hadi 30, chagua jambo moja tu katika yale ya siku hiyo, na ulifanye kuwa kitu kamili kilicho kidogo: aya moja, mistari minne ya shairi, mchoro wa ukubwa wa kiganja, kipande cha muziki cha nusu dakika, ruwaza ya kitambaa. Kikamilike hata kama hakikuridhishi. Kukamilisha kitu kidogo kila siku kunakufundisha kuona mchana kama mtu ambaye jioni atahitaji malighafi, na baada ya muda mfupi utagundua kwamba njiani unachagua tayari.

Namna yenye matunda zaidi ni kubadilisha umbo, kama Mondrian alivyofanya. Chukua sauti uliyorekodi uichore kwa mistari minene na myembamba. Chukua mpangilio wa madirisha ya jengo uufanye mapigo ya ngoma: dirisha lililo wazi ni pigo, lililofungwa ni kimya. Chukua tangazo lililoandikwa kwa mkono uandike barua ya mtu aliyelibandika. Chukua ramani yako ya makosa uifanye safari ya mhusika anayeamini kwamba ndivyo mji ulivyo. Mabadiliko haya yanakulazimisha kuamua ni kitu gani hasa kilichokuvutia, kwa kuwa katika umbo jipya huwezi kukibeba chote; lazima ubebe mdundo, au rangi, au mvutano kati ya watu wawili, na mengine uyaache.

Wanaopenda kuchora wanaweza kufanya hivyo pamoja na wengine. Mtandao wa Urban Sketchers ulianzishwa mwaka 2007 na Gabriel Campanario, mwandishi wa habari na mchoraji aliyekuwa Seattle, na leo una vikundi katika miji mingi duniani vinavyokutana kuchora mahali penyewe kwa kutazama moja kwa moja. Kukaa kando ya mtu anayechora ukuta uleule unaouchora wewe, kisha kuweka karatasi mbili pamoja, hufundisha jambo ambalo hakuna maelezo yanayoweza kulifikisha: utaona alichokichagua na ulichokiruka.

Zitakuwapo siku za mvua, za uchovu na za shughuli za kuhamia ambazo hazina nafasi ya matembezi. Siku hizo fanya zoezi la dirishani kwa dakika 10, au sikiliza rekodi ya zamani. Usijaribu kulipa deni kwa kutembea mara mbili kesho yake. Mpangilio wa kila siku huvunjwa na ulipaji wa madeni kuliko na siku iliyokosekana.

Mwezi wa kwanza ukimalizika, fungua kurasa za wiki ya kwanza na uweke alama kwenye kila jambo ambalo hukuliona tena katika siku 7 zilizopita, ingawa unapita palepale. Orodha hiyo ya alama ndiyo iwe chanzo cha maswali yako ya mwezi wa pili. Anza na lililokushangaza zaidi wakati ule, nenda mahali lilipo kwa saa ambayo hujawahi kufika, ukae nusu saa, na jioni utengeneze toleo la pili la kitu ulichokitengeneza siku ulipoliona mara ya kwanza.